Pikipiki ya Mzee Nukta

Mwili wa baba ulifika nyumbani kwa siku moja. Wenzake wa kazini walikodi gari, wakamleta, wakazika pamoja nasi, wakanawa mikono, wakaondoka. Pikipiki ndiyo iliyobaki huko. Wiki tatu baadaye mama aliniita jikoni akafunga mlango.

"Nenda kamalizie chumba cha baba yako," alisema. "Nguo gawa. Godoro gawa. Redio mpe jirani. Mimi niletee pikipiki."

"Mama, ile pikipiki imenizidi umri."

"Sikukuuliza umri wake."

Baba alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kituo cha mizigo, mbali na sisi, safari ya basi ya kutwa nzima. Alikuwa mpima mizigo. Alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, na kila alipofunga begi kurudi alimwambia mama maneno yaleyale: "Siku nitakayokuja na pikipiki, ujue nimekuja moja kwa moja." Ilikuwa pikipiki ndogo ya rangi ya maziwa, aliyoinunua kwa mtu kabla sijazaliwa, na mlio wake ulikuwa kama cherehani. Mimi niliiona mara mbili tu, nilipokwenda kumtembelea. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu alipoanguka akiwa kwenye foleni ya kununua mkate.

Mama aliliona kaburi kwa macho yake, akalitupia udongo kwa mkono wake. Lakini mtu akibisha hodi na kuuliza mwenye nyumba, alijibu, "Baba yao yuko kazini," halafu akaangalia chini. Akili zake zilikuwa timamu. Ila kwa miaka yote hiyo aliambiwa dalili moja tu ya mume wake kurudi, na dalili hiyo hakuiona.

Nilikuwa nimeajiriwa kwa dobi, kazi ya kupokea nguo na kuandika vibandiko. Niliomba ruhusa ya wiki moja, nikapanda basi.

Chumba cha baba kilikuwa cha kampuni, kimoja kati ya vyumba sita vilivyopangana nyuma ya kituo. Mkuu wa kituo aliniambia kwa upole kwamba Jumamosi saa sita mchana mpima mpya angehamia. Nilifika Jumatatu jioni. Kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, na ukutani spana zake zimetundikwa kwa misumari, kila moja imechorewa umbo lake kwa penseli ili ukiirudisha usikosee. Pikipiki ilisimama kati ya kitanda na dirisha, imefunikwa shuka. Baba alilala nayo chumba kimoja miaka yote ile. Nililala na harufu yake ya petroli, na sikuota chochote.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwenye uwanja wa malori. Dalali wa pale, mwanamume mwenye kalamu mbili sikioni, alinifuata mpaka chumbani kuutazama mzigo wenyewe. Aliinua shuka kwa kidole.

"Dada, hii ni pikipiki au kiberiti?"

"Ni pikipiki."

"Kwa nini usiiendeshe mwenyewe?"

"Sijui kuendesha."

"Hata ungejua, na hiki kiinjini, ungefika ukiwa bibi." Akacheka peke yake. Kisha akataja bei. Ilikuwa zaidi ya thamani ya pikipiki yenyewe, mara mbili. Nilipotaja nilichokuwa nacho, aliuchomoa mkono wake kwenye shuka kana kwamba limemuunguza.

"Kwa pesa hiyo nakupatia lori la saruji," alisema. "Wanaiweka juu ya mifuko. Ila hakuna karatasi. Ikidondoka njiani tusilaumiane."

"Ikidondoka mimi nitamwambia nini mama?"

"Mwambie ilimfuata mzee."

Nilimfungulia mlango. Alitoka akiomba radhi, na nadhani aliomba kwa moyo, lakini sikumjibu.

Jumatano nilizunguka kampuni za mabasi. Mpakiaji mmoja aliniuliza kama ina petroli. Nikasema nitaitoa. Akasema hata ukiitoa, chombo cha moto ni chombo cha moto, hakipandi basi, bosi akikiona mimi ndiye nitakayeshuka. Mwingine alikubali, kisha akaja mwenzake wakanong'onezana, akakataa. Wa tatu alikuwa anakula na hakuinua kichwa.

Mwisho nikaenda kwenye dirisha la kituo cha mizigo, pale pale baba alipofanya kazi. Sikutaka kuanzia pale. Walikuwa wameshachanga, wameshakodi gari la kumleta, na sikupenda kuonekana narudi na bakuli la kuomba. Karani alinipa pole tena, akafungua kitabu cha bei. Pikipiki nzima inahesabiwa shehena, alisema, na shehena ina kima chake cha chini, hata ukituma sindano utalipa kama umetuma robo tani. Nilichokuwa nacho kingefikisha nusu ya pikipiki. Pembeni ya dirisha palikuwa na ubao wenye maandishi ya chaki: KIFURUSHI KISIZIDI KILO 20. Niliusoma kama mtu anavyosoma tangazo lisilomhusu.

Jioni yake alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Sijui nani alimwambia.

"Mimi nachukua sasa hivi," alisema. "Huna haja ya kuhangaika, mwanangu. Mpelekee mama yako picha, atafurahi."

"Picha anayo."

"Basi mpelekee pesa."

"Hakuomba pesa."

"Jumamosi utaniita mwenyewe," alisema, akasukuma mkokoteni wake.

Niliketi kitandani nikaitazama pikipiki, nayo taa yake moja ikanitazama. Nilisema kwa sauti, "Wewe utakwenda." Ilikuwa mara ya kwanza kuongea peke yangu chumbani mle.

Alhamisi asubuhi niliamua kuanza na kile alichokilalamikia mpakiaji wa kwanza, petroli. Nilitandika gunia sakafuni, nikachomoa mpira wa tangi, nikaiacha itiririke kwenye dumu mpaka tone la mwisho. Kisha nikailaza pikipiki ubavu juu ya gunia niifute vumbi la tumboni. Chini ya injini, kwenye chuma, palikuwa na namba nyeupe: 19.5.

Nilidhani ni namba ya kiwandani. Lakini ule mkono niliujua. Tano yake ilikuwa na mkia mrefu kama ile aliyoandika kwenye barua zote za nyumbani. Nikainama zaidi. Ndani ya fremu, 18.2. Kwenye rimu ya mbele, 5.5. Ya nyuma, 6.1. Chini ya usukani, ndani ya madigadi, chini ya siti, kila kipande kilikuwa na namba, imeandikwa kwa rangi ile nyeupe waliyotumia kazini kuweka alama kwenye makasha. Kopo lake lilikuwa chini ya kitanda, na brashi imesimama ndani.

Nilitoka nje nikamwita jirani, fundi baiskeli, aliyekaa chumba cha mwisho na kufanyia kazi zake uani.

"Mjomba, njoo uone. Hizi namba unazijua?"

Alichungulia, akapiga kofi paja lake. "Kumbe! Mwaka jana, siku za mvua, mzee aliibomoa yote hii. Kila asubuhi unamwona anaondoka na kipande kwenye gunia, kwapani, kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Jioni anarudi nacho. Injini aliiazimia mkokoteni. Mke wangu akasema, yule mzee ameanza kuchanganyikiwa."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema anapima."

"Anapima kwa nini?"

"Mwanangu, baba yako ukimuuliza kwa nini anapima ni sawa na kumuuliza samaki kwa nini ameloa."

Nikaukumbuka ule ubao. Nilichukua kalamu, nikajumlisha namba nyuma ya bahasha. Injini peke yake, kumi na tisa nukta tano. Fremu peke yake, kumi na nane nukta mbili. Magurudumu mawili pamoja, kumi na moja nukta sita. Usukani na miguu ya mbele na taa, tisa nukta saba. Vilivyobaki vyote, tangi, siti, madigadi, mnyororo, keria, kumi na mbili nukta tisa. Vifurushi vitano, na hakuna hata kimoja kilichofika ishirini. Bei ya vifurushi vitano niliiweza, na nauli yangu ingebaki.

Baba alikuwa ameshaisafirisha pikipiki yake. Alibakiza kuifunga tu.

"Una spana?" fundi aliuliza.

"Ukuta mzima."

Tulianza saa tatu asubuhi. Yeye alinionyesha, mimi nilifungua, kwa sababu alisema aliyefungua ndiye atakayejua kufunga. Kila kundi la nati nilitia kwenye soksi moja ya baba, nikafunga fundo na kuandika kibandiko, kama ninavyofanya kwa dobi: NATI ZA INJINI. NATI ZA GURUDUMU LA NYUMA. Soksi zote zilikuwa zimetoboka visigino, ikabidi nitie moja ndani ya nyingine. Mambo yalikwenda vizuri mpaka bolti ya nyuma ya injini, ambayo haikutaka. Fundi akaijaribu, akatoka jasho, akasema tuikate.

"Hatukati," nilisema.

"Basi tuiache na fremu."

"Injini na fremu pamoja ni karibu kilo thelathini na nane, mjomba."

"Wewe nawe umerithi," alisema, akaenda kula.

Niliimwagia mafuta ya taa, nikasubiri, nikaigonga, nikasubiri tena. Nikaishika spana kwa mikono miwili, nikapanda juu yake kwa mguu nikiwa nimeshikilia dirisha. Sijui ilichukua muda gani. Fundi alikuwa amekula, amelala na ameamka nilipoisikia inalia, kelele nyembamba ya kutu, ikazunguka kidogo tu. Nililia pale, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikiwa nimesimama kwenye spana kwa mguu mmoja. Kisha nikaendelea kuifungua.

Jua lilipotua, kila kipande kilikuwa ndani ya gunia, nimeshona midomo kwa sindano ya gunia na kamba.

Ijumaa asubuhi fundi alinikodishia mkokoteni, nikasukuma mwenyewe. Kwenye foleni ya vifurushi palikuwa na watu kama kumi na watano. Mbele yangu alisimama mama mmoja mnene, mfanyabiashara wa masufuria, mwenye mzigo uliofungwa kama mnara. Aliyepima alikuwa dada wa rika langu, kanyoa nywele fupi. Ndiye aliyetakiwa kuhamia chumbani kesho yake. Baba alimfundisha kazi miaka minne.

Alipoona magunia yangu aliuliza, "Nini hivi?"

"Pikipiki ya Mzee Nukta."

Foleni nzima ikageuka. Hilo ndilo jina walilompa baba pale kituoni, kwa sababu hakuwahi kumsamehe mtu nukta. Wengine wakisoma mizani husema ishirini, kisha mkono unapungwa mzigo upite. Yeye alisoma mpaka mwisho.

"Wewe ni binti wa Nukta?" mama wa masufuria aliuliza. "Pole, mama. Mungu amrehemu. Lakini baba yako alinitesa! Siku moja alinitolea masufuria mawili kwenye mzigo. Nikayavaa kichwani mpaka nyumbani. Watoto wangu walikimbia."

"Mimi alinirudisha kwa gramu themanini za misumari," alisema mzee mmoja nyuma. "Nikaihesabu nje mmoja mmoja, yeye ananisubiri."

"Alikuvumilia," alisema mpima. "Haya, weka."

Magurudumu, kumi na moja nukta sita. Aliangalia namba niliyoandika kwenye kibandiko, akatikisa kichwa taratibu. Usukani, tisa nukta saba. Fremu, kumi na nane nukta mbili na gunia lake, maana baba alikuwa amepima mpaka gunia. Kila namba ilipotoka sawa, watu wa foleni walinung'unika kwa kuridhika kama wanaosikiliza mabao yakihesabiwa.

Tukainua injini. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia.

"Ishirini nukta mbili," alisema mpima.

Kisha mama wa masufuria akasema, "Aaa, mpitishie mtoto wa watu. Gramu mia mbili! Ameshafiwa."

"Mpitishie," alisema mzee wa misumari. "Nukta mwenyewe hayupo."

Mpima alinitazama. Niliona angeweza kupitisha. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye muhuri. Ishirini, bila nukta, na mzigo ungeondoka, na mimi ningeondoka, na baba asingejua.

"Usinipitishie," nilisema.

"Dada, sikupimii dhahabu."

"Yeye aliandika kumi na tisa nukta tano. Kama mizani inasema vingine, kuna kitu."

Akatabasamu kidogo upande mmoja. "Mzee hakosei," alisema. "Kwa hiyo wewe umeongeza kitu. Umeweka nini?"

"Sijaongeza. Petroli nimetoa yote."

"Na oili?"

Tangu Jumatano nilikuwa nawaza petroli, petroli, nikaitoa petroli mpaka tone la mwisho, na sikukumbuka kwamba injini ina mafuta yake yenyewe tumboni. Baba alipima injini kavu. Angeandika vipi vingine?

"Nina dakika ngapi?" nilimuuliza.

"Gari la mizigo linafungwa saa tano."

Niliburuta gunia pembeni nikalifumua. Spana nilikuwa nayo mfukoni. Chombo sikuwa nacho. Mama wa masufuria alinitazama nikigeuka huku na huku, akafoka, akafungua mnara wake na kutoa sufuria moja jipya linalong'aa.

"Ulipe," alisema. Kisha, "Hapana, usilipe. Nitasema Nukta kanitolea la tatu."

Oili ilitoka nyeusi, polepole, inanuka moto wa zamani. Nilifunga nati, nikafuta, nikashona gunia kwa mikono inayoteleza. Tukainua tena.

Mpima aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Kumi na tisa," alisema, akanyamaza kwa makusudi ili tuteseke, "nukta tano."

Foleni ilipiga makofi. Mzee wa misumari alisema, "Mtu kafa na bado anatupimia."

Kifurushi cha mwisho, chenye vitu vidogo, kilitoka sawa. Lakini keria ilikuwa imetokeza mdomoni mwa gunia, na mpima aliigeuza.

"Hii ina namba mbili," alisema. "Moja nukta sita, sawa. Na hii hapa chini, sitini na moja nukta nne. Keria gani ina kilo sitini?"

"Sijui. Sikuiona."

"Rangi yake imekuwa ya njano. Hii aliandika zamani sana." Aliisugua kwa kidole gumba. "Hapa sijui, kweli."

Aligonga muhuri mara tano. Mchana ule nilimpa redio fundi baiskeli, nikagawa nguo. Jumamosi kabla ya saa sita nilimkabidhi mpima ufunguo wa chumba. Aliomba kitu kimoja, kopo la rangi nyeupe na brashi yake. Nilimwachia.

Vifurushi vilinitangulia nyumbani. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alivileta na mkokoteni, na siku mbili tukafunga pale mlangoni, mimi nikisoma vibandiko, yeye akilalamika kuhusu soksi. Mama aliketi kwenye kiti na bakuli la mchele mapajani, akichagua mawe. Tulipofika kwenye keria nilimwonyesha ile namba ya njano.

"Mama, hii ni nini? Hata kazini kwake hawajui."

Aliisoma. Akaweka bakuli chini.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe vipi?"

"Nilimtembelea mara moja, kabla yako. Alikuwa ndiyo kwanza ameinunua. Akanipeleka kazini kwake siku ya mapumziko akanipandisha kwenye mizani, mbele ya makasha ya watu. Nikamwambia, una wazimu? Akasema keria hii haibebi zaidi ya kilo sitini na tano, lazima ajue kama nitafaa kupanda." Alicheka, na mkono wake ukaziba mdomo. "Nilikuwa na viatu. Akasoma, halafu akaniambia nivue viatu, asome tena."

Mjomba alitia oili na petroli kidogo, akapiga teke kianzio mara nane bila kitu. Mara ya tisa ikalia, ikakohoa, ikazima. Nikaipiga mimi. Ikalia na ikaendelea, ule mlio wa cherehani, na moshi mwembamba ukapanda mpaka kwenye dirisha la jikoni. Mama alisimama, akavua kandambili zake, akazipanga kando, akaketi kwenye keria huku pikipiki imesimama pale pale kwenye stendi yake. Hakwenda popote. Alikaa tu, mikono kwenye siti iliyo tupu mbele yake, mpaka akasema, "Zimeni, petroli inaisha."

Jirani alichungulia juu ya ukuta. "Mama, pikipiki ya nani hiyo?"

"Ya mume wangu," mama alijibu. "Amekuja moja kwa moja."

Jioni ile, akimpakulia mjomba chakula, alisema, "Marehemu shemeji yako alipenda ukoko." Alisema hivyo bila kusita, kisha akaniletea na mimi sahani.